Nguzo za makaa au ardhi inayotitia

Mkazi wa Dar es Salaam hukutana na makaa ya mawe bila kuyaona, ndani ya mfuko wa saruji, kwa kuwa tanuri za kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Tegeta, huyatumia, na tangu Serikali ilipozuia uingizaji wake kutoka nje mwaka 2016, viwanda vyetu vimezidi kuyategemea ya Ruvuma na mikoa jirani. Kule Ngaka, Ruvuma, huchimbwa kwa machimbo ya wazi. Kiwira, mgodi ulioanza kazi mwaka 1988, ndio uliotuonyesha uchimbaji wa chini kwa chini. Matabaka ya karibu yakiisha, wachimbaji watayafuata ya kina, na hapo tutaulizwa: waache nguzo za makaa yasiyochimbwa zishikilie ardhi, au wayatoe yote na kuiacha ishuke?

Anayetaka kuelewa jinsi ardhi inavyopasuka inaposhuka na achukue chapati ya jana iliyokauka, aikunje taratibu: upande wa nje wa mkunjo hupasuka, wa ndani hujibana. Makaa yakishatolewa, mwamba wa paa huporomoka na kujaza pengo, matabaka yaliyo juu yake hupasuka, na yale ya juu zaidi hupinda na kushuka pamoja, mpaka uso wa ardhi ukafanya umbo la bakuli pana. Kwenye kingo za bakuli hilo ardhi huvutwa, na udongo, ambao hauwezi kuhimili mvuto, hufunguka. Katikati hubanwa, na huko barabara hufura badala ya kuachana. Ndiyo maana nyumba iliyo nje kidogo ya mpaka wa uchimbaji inaweza kuumia kuliko iliyo juu ya mgodi wenyewe.

Wanaotetea kutoa yote wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Vipimo vya Uingereza vilionyesha kwamba ardhi inaweza kushuka kwa hadi asilimia 90 ya unene wa tabaka lililochimbwa, yaani tabaka la mita 2 kuishusha kwa takribani mita 1.8, lakini sehemu kubwa ya mshuko huo humalizika ndani ya miezi au mwaka mmoja hivi, na nyufa nyingi zinazofunguka mashine inapopita chini hujifunga tena baadaye. Madhara yanayotabirika yanalipika. Sheria yao ya mwaka 1991 inamlazimu mwenye dhamana kurekebisha nyumba zilizoharibika.

Upande wa pili unasema hakuna fidia inayorudisha kisima kilichokauka baada ya maji yake kutorokea kwenye nyufa. Hilo ni kweli, na nguzo huilinda ardhi, ingawa mara nyingi nusu ya makaa hubaki chini. Ila nguzo nazo huchoka. Januari 21, 1960, huko Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo nyembamba zilivunjika moja baada ya nyingine na wachimbaji zaidi ya 430 wakafa. Kanuni ya watafiti Salamon na Munro ya kukadiria nguvu ya nguzo ilitolewa mwaka 1967, baada ya maafa hayo. Pale mgodi ulipo karibu na uso wa ardhi, paa kati ya nguzo linaweza kuporomoka miongo kadhaa baada ya geti kufungwa, shimo likafunguka ghafla shambani kwa mtu ambaye hata hakuwa amezaliwa makaa yalipouzwa.

Mimi, kwa hiyo, ninaelemea upande wa kutoa yote, lakini kwenye ardhi tambarare isiyo na makazi. Kiwira si tambarare. Kwenye mteremko, udongo uliopasuka huvutwa kuelekea bondeni, ufa haujifungi, na mvua za masika huupanua. Huko ningechagua nguzo nene zilizokokotolewa, hata kama saruji itapanda bei Tegeta. Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kila nyumba ndani ya eneo na pembeni yake ipigwe picha na kuwekewa alama za vipimo kabla ya toroli la kwanza kutoka, kwa sababu nyumba nyingi za matofali zina nyufa zake za msingi mbovu, na mgodi utazitumia hizo kukana zile ulizozisababisha. Nakala ya ramani ya nguzo ikae ofisi ya kijiji, mahali ambapo anayenunua kiwanja ataiona kabla ya kulipa.