Mwanafunzi wa Peke Yake Ametoka Wapi?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa mafunzo ya watumishi wa afya wa vituo vya vijijini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hatua tunazozifuata, yaani kuchambua mahitaji, kusanifu, kuandaa, kutekeleza na kutathmini, hazina taifa wala utamaduni. Sasa siamini hivyo. Utaratibu huo ulitengenezwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya majeshi ya Marekani, yaliyokuwa na askari wengi wa kufundishwa kwa kipimo kimoja. Kwa kazi ile ulifaa, lakini ulipotufikia ulikuja pamoja na mwanafunzi wake: mtu mmoja, mwenye lengo lake na alama zake.

Mtu huyo sikumkuta nilikokwenda. Mfumo wa kozi yetu ya mtandaoni ulionyesha kwamba katika zahanati moja ni muuguzi mmoja tu aliyemaliza masomo, nasi tulipofika tukaambiwa kwamba watumishi wote watano walikuwa wakikutana jioni kwenye simu yake, wakichangia bando na kubishana kila swali hadi wakubaliane. Mfadhili aliuita udanganyifu, neno ambalo linaniuma hadi leo, kwa sababu mabishano yale ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe. Katika ukurasa wa majadiliano, vijana walinyamaza kwa kuwa mganga mfawidhi alikuwa bado hajaandika. Hawakukosa la kusema. Waliona si adabu kumtangulia mkubwa wao.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba nchi hii, Tanzania, iliwahi kusanifu mafunzo kwa kuanzia kwenye desturi zake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 katika vikundi vya kujifunza, wengi wakiwa ndio kwanza wanajua kusoma au hawajui kabisa. Kila wiki, kwa wiki 12, kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasomewa kijitabu, kikajadili malaria, kichocho au minyoo katika mazingira yake, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kusafisha kisima. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, kwa sababu aliyejua alisoma kwa sauti. Matokeo ya somo yalionekana kijijini, wala hayakungoja karatasi ya mtihani. Huo ulikuwa usanifu wa hali ya juu, na ninaona vibaya kwamba katika semina zetu hautajwi, ilhali michoro ya Florida tunaikariri.

Si sisi peke yetu tunaofunga kazi hii kwenye desturi. Nchini Japani walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha wenzake wakiangalia, kisha wakakaa kulirekebisha.

Hata hivyo sitaki kuusifu utamaduni kupita kiasi, kwa kuwa kikundi kinaweza kumficha asiyejua, na anayemtibu mtoto usiku akiwa zamu peke yake hana wa kumnong'oneza dozi. Wala simaanishi kubadili majina katika mifano na kuweka picha za akina mama waliovaa vitenge, jambo ambalo wengi wetu tumelifanya tukadhani kazi imekwisha. Ninazungumzia maamuzi ya mwanzo kabisa: nani anajifunza na nani, nani huanza kusema, na jibu ni mali ya nani.

Katika kozi tunayoiandaa sasa, swali la kwanza kwenye simu ni mmeketi wangapi, na majina yote huandikwa. Majadiliano hutumwa kama jibu la kituo kizima, baada ya kila mmoja kuandika lake kwenye daftari bila kutanguliana. Jaribio la kupima dozi limebaki la mtu mmoja mmoja, na mganga mfawidhi naye hulifanya.