Utaacha nini?

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2008, kama saa kumi alfajiri. Jirani yetu hapa Mkomani, mjini Amu (Lamu), alikuwa ametoa televisheni mpaka dakani, waya umepita chini ya mlango, sisi tumejazana barazani na sinia ya daku katikati: wali, mchuzi wa papa, birika la chai. Vijana ambao hawangeweza kukutajia seneta mmoja wa Kenya ya leo walikuwa wanalijua jimbo la Illinois kama kichochoro cha kwao. Obama alikuwa "wetu", basi, hakukuwa na mjadala. Ila mjadala wenyewe, ule wa kwanza kati yake na John McCain, mpinzani wake katika kuwania urais wa Marekani, huko Mississippi, nusura usiwepo.

Siku 11 kabla yake, tarehe 15 Septemba, benki ya Lehman Brothers ilikuwa imefilisika. Siku hiyohiyo McCain akiwa Florida alisema misingi ya uchumi ni imara. Hilo neno lilimganda mpaka siku ya kura. Waziri wa fedha wa Marekani, Henry Paulson, akaliendea Bunge na andiko la kurasa tatu hivi akiomba dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Tarehe 24 McCain akatangaza kwamba anasimamisha kampeni, anarudi Washington, na mdahalo wa tarehe 26 uahirishwe. Obama akamjibu kwamba rais hana budi kuweza kushughulika na mambo zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kesho yake wote wawili wakaketi meza moja na Rais Bush Ikulu, kikao kikavunjika kwa makelele, na waliokuwamo walisimulia baadaye kwamba McCain, aliyeacha kila kitu ili awepo, hakusema mengi.

Barazani tulimcheka sana. Mimi leo simcheki. Mtu anayekimbilia kwenye moto si mjinga, na ningependa kuona wagombea wetu wakiukimbilia hata mara moja. Kosa lake ni kwamba alifika na ndoo tupu. Alikuwa na haraka, hakuwa na neno.

Na tusimpambe Obama kupita kiasi. Tarehe 29 Baraza la Wawakilishi liliukataa mswada wa fedha hizo kwa kura 228 dhidi ya 205, soko la hisa la New York likaporomoka zaidi ya pointi 770 kwa siku moja. Tarehe 1 Oktoba Seneti ikaupitisha mswada uliorekebishwa, kura 74 kwa 25. McCain alisema ndiyo. Obama alisema ndiyo. Kwa jambo lenyewe, yaani kuzitoa fedha za umma kuwakwamua matajiri waliojitumbukiza shimoni wenyewe, walikuwa kitu kimoja. Walichopishana ni mwendo: mmoja alihemahema, mwingine akatulia, na wapiga kura wakapenda utulivu. Sina hakika utulivu peke yake ni uongozi. Paka naye hutulia.

Kilichonikaa mimi moyoni ni swali. Mwendesha mdahalo, Jim Lehrer, aliwauliza wote wawili: kwa kuwa fedha hizi zitatoka, katika hayo mliyoahidi mtaacha lipi? Obama akaanza kuorodhesha ambayo hawezi kuyaacha: nishati, afya, elimu. McCain akazungumzia kubana matumizi. Lehrer akarudia swali. Wakazunguka tena. Mwisho McCain akasema labda matumizi yasimamishwe yote isipokuwa ulinzi, wanajeshi wastaafu na mambo mengine machache, Obama akasema hiyo ni kutumia shoka panapotaka kisu kidogo. Hatukujua mwisho wake, maana adhana iliadhiniwa, tukatema mate, tukaenda zetu msikitini.

Nilikuja kulielewa swali lile miaka kadhaa baadaye, na si kwenye televisheni. Tulikuwa tunatoka Faza kuja Amu, mashua imejaa watu na magunia, tukachelewa kuingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Anayepajua Mkanda anajua: maji yakipwa, pale katikati huwa hapapiti hata ngalawa kwa raha. Tukapanda fungu. Kijana mmoja akaruka majini papo hapo, akaanza kusukuma na kupiga kelele "haya, haya, shukeni tusukume!" Wanawake wakamsifu. Nahodha hakuondoka pale shikioni. Alichukua pondo, akachoma mbele, akachoma kushoto, akalitazama jua. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Mai yanapwa bado. Tukingoja mpaka yaye, ni baada ya alasiri. Tukitaka kutoka saa hizi, nazi zitashuka. Zangu kwanza." Akatoa magunia yake mawili kuyatupa pale funguni palipokauka, ndipo akaonyesha kwa kidole: na lile, na lile. Mwenye "lile" alilalama, akataja mpaka babu zake. Lakini gunia lilishuka. Mashua ikapata maji.

Sasa njoo kwetu. Mwaka 2022 tuliingia kwenye uchaguzi na ukame, na deni la taifa lililotutia kizunguzungu, na pakiti ya unga ya kilo mbili imepita shilingi 200. Kungekuwa na wakati wa kuuliza swali la Lehrer, ulikuwa ule. Tarehe 20 Julai, wiki tatu kabla ya kura, serikali iliyokuwa ikiondoka ikaushusha unga hadi shilingi 100 kwa ruzuku. Tarehe 26 Julai mdahalo wa urais ukafanyika na William Ruto akasimama peke yake jukwaani, kwa sababu Raila Odinga alikataa kwenda. Kabla hujamlaumu Raila pekee, kumbuka 2017: Raila ndiye aliyesimama peke yake, na Uhuru Kenyatta ndiye aliyekosa. McCain alitishia kutofika kwa siku mbili, dunia ikamcheka, akafika. Sisi wa kwetu hawafiki, na wala hatukumbuki.

Matokeo yake tuliyasoma kwenye pampu ya petroli. Ruto aliapishwa tarehe 13 Septemba 2022 akasema ruzuku za unga na mafuta zimekula fedha bila faida. Huenda alisema kweli. Mimi mwenyewe ule unga wa 100 niliuona gazetini zaidi kuliko dukani. Kesho yake usiku bei mpya zikatoka, lita ya petroli Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179. Huku Amu kila kitu kinavuka maji, kwa hiyo petroli si mambo ya wenye magari. Magari yenyewe tunayo mangapi mjini? Ni nauli ya boti ya Kizingitini, ni barafu ya mvuvi, ni bei ya nyanya sokoni. Mwaka uliofuata kodi ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Januari 2024 dola ilikuwa inakaribia shilingi 160, na Yurobondi, mkopo wa serikali kutoka masoko ya nje, ya dola bilioni 2 inadaiwa Juni. Juni ilipofika ukaja Mswada wa Fedha wenye kodi mpya, vijana wakaingia Bungeni tarehe 25, watu wakauawa, kesho yake rais akauondoa.

Ninachosema ni kwamba gunia lilishuka, lakini baada ya kura, na halikuwa la nahodha. Kama jukwaani Julai 2022 wote wawili wangelazimishwa kusema wataacha nini, huenda tungechagua vilevile. Lakini tungekuwa tumesikia bei kabla ya kupanda chombo.

Kura nyingine ni Agosti 2027. Watakuja, kama kawaida, watatua na helikopta, watavaa kofia za vito, watatutajia bandari na hati za mashamba. Juzi Mkunguni niliwaambia wenzangu kwamba mgombea yeyote atakayefika, nitainua mkono nimuulize hilo moja tu. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna kashata zake akanitazama kwa huruma.

"Utamuuliza saa ngapi, mwanangu? Helikopta yao haizimi mashine."