Mhandisi na aje na bisibisi mkononi

Makala yenu inaeleza vizuri jinsi wahandisi wa Australia wanavyoshirikiana na jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, katika maendeleo endelevu na maridhiano, lakini imepita haraka mno juu ya swali la nani huanza kusema. Mwaka 1985, katika ardhi ya Waanangu, mojawapo ya jamii hizo, huko Australia Kusini, Yami Lester, kiongozi asiyeona aliyesimamia Baraza la Afya la Nganampa, huduma ya afya ya Waanangu wenyewe, ndiye aliyewaita msanifu majengo, daktari na mtaalamu wa afya ya mazingira, akawataka watafute namna ya kuwakinga watu wake wasiugue.

Kilichofuata ni kazi isiyo na makuu, ya kuhakikisha nyumba zao haziwaletei maradhi: kufungua bomba la bafuni kuona kama maji ya moto yanatoka, kujaribu kila soketi ya umeme, kuangalia kama mtoto anaweza kuogeshwa. Fundi hakuondoka na karatasi tu. Kilichowezekana kurekebishwa kilirekebishwa siku ileile, na wengi wa mafundi hao wakawa wenyeji. Ilibainika kwamba hitilafu nyingi zilitokana na kukosekana kwa matengenezo ya kawaida na ujenzi mbovu, ilhali uharibifu wa wakazi haukufika hata asilimia 10. Takwimu hiyo inanigusa kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa watu hawa walilaumiwa miaka mingi kwamba hawajui kutunza nyumba.

Ningemwomba mwandishi arudi kwenye miradi aliyoitaja na kuuliza: bomba likipasuka mwaka ujao, nani ana spana, na analipwa na nani?