Funga yako na daftari la madeni

Kwaresima ikianza tunaulizana swali lilelile: mwaka huu umeacha nini? Huyu nyama, yule bia, kijana wa kwaya ameacha TikTok. Ramadhani ikikaribia, huko nako habari ni bei ya tambi na wapi magimbi yanapatikana kwa nafuu. Mwaka 2026 yote mawili yalikutana: Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyohiyo. Dar es Salaam, saa nane mchana, mtu wa kanisani na mtu wa msikitini wakawa na njaa kwenye daladala moja. Nililipenda hilo. Ila bado tunahesabu kilichopungua kwenye sahani zetu, na kwa maandiko ya pande zote mbili hapo ni mwanzo tu.

Isaya 58 inaanza na malalamiko. Watu wanamwuliza Mungu mbona wamefunga naye haoni. Wanajibiwa kwamba siku hiyohiyo ya kufunga wanajitafutia yao na kuwalemea watu wanaowafanyia kazi. Hawaambiwi wazidishe siku wala machozi. Wahubiri wetu hukimbilia mstari wa 7, ule wa kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi, na ninaelewa: huo unapigika picha. Kuna bango, kuna mifuko ya unga imepangwa, kuna bibi ameshikishwa galoni ya mafuta atazame kamera. Lakini mstari wa 6 umetangulia, nao unasema habari za kufungua vifungo vya uovu, kulegeza nira, kuwaachia huru walioonewa. Huo hauna bango.

Kwangu tofauti iko hapa. Ukitoa msaada, kiasi unakipanga wewe, na unashukuriwa. Ukitenda haki, kiasi kilishapangwa, mali ni ya mwenzako, wala hana sababu ya kukushukuru. Ndiyo maana naipenda zakatul fitri: pishi ya chakula kinacholiwa mahali hapo kwa kila kichwa nyumbani, hata mtoto mchanga, na ifike kwa mwenyewe kabla ya swala ya Idi. Haisubiri moyo wa mtu ulainike.

Sasa mtazame dada wa kazi mwezi huo. Anaamka kupika daku, mchana anafua, jioni anasimamia futari ya wageni ambao hakuwaalika, na analala wa mwisho. Agizo la mishahara la mwaka 2022 liliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, kiasi ambacho familia ya kawaida ya mjini inakimaliza kwenye futari moja ya wageni. Wapo wanaolipa chini ya hapo. Wapo wanaolipa kwa mafungu, na yeye akiuliza anaambiwa avumilie, nyumba ina mambo mengi. Idi au Pasaka ikifika anapewa doti ya khanga, na sote tunasema bosi wake ana roho nzuri. Hiyo khanga kainunua kwa mshahara wake mwenyewe ambao hajaupata! Mtume Muhammad alifundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Wafanyabiashara wanaopandisha sukari na unga wa ngano mwezi wa kufunga nitawapita. Viongozi wanawasihi kila mwaka na kila mwaka wanasikia vilevile.

Ninalotaka kulisema zaidi ni deni. Mitaani kwetu mikopo ya riba tunaiita kausha damu, na jina limetosha. Mama wa genge anachukua laki moja asubuhi, anaanza kurejesha kila siku, riba ikiwa imeshaingizwa humo. Akikosa siku mbili, vijana wenye daftari wanakuja kubeba jiko la gesi, godoro, televisheni. Ile ya kwenye simu ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu inawatumia ujumbe wa kumdhalilisha hata watu waliomo kwenye orodha ya simu yake, mpaka mwalimu wa mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua nzuri, lakini wa daftari hana programu ya kufungiwa. Na mara nyingi ni mtu tunayemjua, anafunga, na jina lake lipo kwenye orodha ya waliochangia futari ya mtaa.

Habari hii ni ya zamani. Katika Nehemia 5 njaa imeingia, watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wameshatoa watoto wao utumwani. Waliowakopesha ni Wayahudi wenzao. Nehemia hakuanza kwa kugawa chakula. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba siku ileile pamoja na ile riba ya sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza, kisha akawaita makuhani ili waape. Na alikiri kwamba yeye na watu wake nao wamekuwa wakikopesha. Qurani nayo, katika sura ya pili aya ya 280, inataka mdaiwa aliyebanwa angojwe mpaka afarijike, na inasema kumsamehe ni bora zaidi.

Kwa hiyo nina pendekezo ambalo wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hawatalipenda. Vikoba vingi vina wanachama waleule wa jumuiya na wa msikitini. Kwa siku arobaini za Kwaresima, au kwa mwezi mzima wa Ramadhani, faini ya kuchelewesha rejesho isimame, na pasiwe na mtu wa kubebewa kitu. Mweka hazina atauliza gawio la mwisho wa mwaka litatoka wapi. Litapungua. Kila mmoja wetu atapokea pungufu, bila picha, na pengine bila kujua ni nani hasa aliyepumua.