Wanaohesabu Dubu na Wanaohesabu Siku za Barafu

Mjadala wowote kuhusu dubu weupe wa Aktiki, eneo la baridi kali linalozunguka Ncha ya Kaskazini, haukawii kufika kwenye swali la wapo wangapi. Wengine husema wanakwisha kwa sababu barafu ya bahari inapungua. Wengine hujibu kwamba leo ni wengi kuliko walivyokuwa miaka ya 1960, kwa hiyo kelele zote hizi ni za bure.

Nianze na hao wa pili, maana mara nyingi hubezwa bila kusikilizwa. Makadirio yanayotajwa sana ni dubu wapatao 26,000. Zamani waliwindwa holela, wengine kwa msaada wa ndege ndogo, mpaka mwaka 1973 Kanada, Denmark, Norwei, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilipotia sahihi mkataba wa kuwalinda mjini Oslo. Makundi kadhaa yakapata nafuu. Ni kweli pia kwamba hesabu za miaka ya 1960 zilikuwa za kukisia, lakini tuseme dubu waliongezeka. Hilo linathibitisha tu kwamba mnyama akiacha kupigwa risasi huzaana. Kuhusu barafu halisemi lolote.

Na maisha ya dubu huyu ni barafu. Anajua kuogelea, tena vizuri, lakini majini sili, mnyama wa baharini ambaye ndiye chakula chake kikuu, humwacha mbali. Anachohitaji ni mahali pa kusimama. Sili hupumua hewa kama sisi, hivyo hutunza matundu kwenye barafu ya bahari na kuibuka hapo kuvuta pumzi. Dubu hulinusa tundu, akatulia kando yake, pengine kwa saa nyingi, akisubiri pua itokeze. Majira ya kuchipua, sili wachanga wanapokuwa wamenona, ndipo hujaza ghala lake la mafuta mwilini. Akishiba vya kutosha hula mafuta tu na kuwaachia mbweha nyama.

Ghala hilo lina kazi nzito. Katika Ghuba ya Hudson, Kanada, barafu huyeyuka yote kiangazi, na dubu hulazimika kukaa nchi kavu akipungua takriban kilo moja kwa siku. Jike mwenye mimba ndiye hustaajabisha zaidi: anaweza kukaa miezi minane bila kula, na ndani ya muda huohuo azae pangoni watoto wenye uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, awanyonyeshe mpaka waweze kutoka. Ukimwongezea wiki tatu za njaa, si sawa na kumwongezea mtu foleni. Wiki hizo hukatwa kwenye maziwa ya watoto.

Wapo wasemao atazoea vyakula vya nchi kavu: mayai ya ndege, matunda ya porini, mizoga. Wazo hilo lilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia dubu 20 magharibi mwa ghuba hiyo wakiwa wamevishwa kamera shingoni. Wengine walilala tu, wengine walihangaika kutafuta chakula na wakakipata. Dubu 19 walikonda. Nguvu waliyoitumia kutafuta ilimeza walichokila.

Kundi hilo la magharibi lilikadiriwa kuwa na dubu 842 mwaka 2016. Mwaka 2021 ikawa 618. Hapo anayelia ana haki ya kulia. Lakini nenda Bahari ya Chukchi, kati ya Urusi na Alaska: dubu wapatao 3,000, wanene, wanaozaa vizuri, ingawa barafu imepungua huko pia. Bahari ile ni ya kina kifupi na ina sili tele. Anayechukua picha ya dubu mmoja aliyekonda na kuifanya picha ya Aktiki nzima anawapa wapinzani wake silaha bure.

Mimi nawaelewa Wainuiti, wenyeji asilia wa Aktiki, wanaokasirika. Mwaka 2013 Marekani ilipendekeza, kupitia CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwamba biashara ya kimataifa ya ngozi na viungo vya dubu hawa ipigwe marufuku. Kanada ilipinga, pendekezo likaanguka. Wawindaji wa Kiinuiti huwinda kwa mgawo, na si wao walioyeyusha barafu. Kuwafungia soko kungekuwa njia rahisi ya kuonekana umefanya kitu. Ila wanaposema dubu wameongezeka kwa sababu wanaonekana zaidi vijijini, hapo nasita. Dubu aliyekosa barafu husogea nchi kavu, na nchi kavu ndiko watu waliko. Kuonana naye mara nyingi kunaweza kuwa dalili ya wingi, au ya njaa.

Ndiyo maana naona hesabu ya vichwa huchelewa kutoa habari. Jike aliyekomaa huishi miaka mingi, na anaweza kuendelea kuhesabiwa hata kama watoto wake hawakui. Siku za barafu, yaani siku ambazo bahari imeganda, hutangulia kusema. Hata Chukchi, kwa wale wanene, muda wa kukaa nchi kavu kiangazi umerefuka kwa takriban mwezi mmoja kuliko miaka ya 1990. Kwa sasa akiba yao bado inautosha mwezi huo.