Rada ya kilomita 400 haioni kinachopita chini

Kila mjadala wa kuboresha rada za ulinzi wa anga ukianza, watu hukimbilia kilomita. Mtambo huu unaona kilomita 400, ule 450, basi wa pili ndio bora. Mimi naamini tunaanzia pasipofaa, na sababu yake niliiona utotoni, kabla sijajua rada ni nini.

Jioni pale Kunduchi tulikuwa tukikaa ufukweni kusubiri vyombo virudi. Cha kwanza kuonekana ni ncha ya tanga, kisha tanga zima, na mwisho kabisa ndipo chombo chenyewe kinapoibuka na watu wake. Macho yetu yalikuwa mazima. Dunia ndiyo imejipinda, na maji yanaficha kilicho chini. Mjomba akitaka kujua mapema ni chombo cha nani, alikuwa anamtuma kijana apande mnazi.

Rada nayo haina njia ya kukwepa mpindo huo. Iweke antena juu ya mnara wa mita 10: ndege ya abiria iliyo mita 10,000 angani utaiona ikiwa umbali wa kilomita 400 na ushee. Droni, yaani ndege isiyo na rubani, inayopita mita 30 juu ya bahari utaiona ikiwa imebakiza kilomita 35 hivi. Droni za aina ya Shahed, zile zinazobeba bomu na kujilipua zikifika, zinazokwenda kama kilomita 180 kwa saa, humaliza umbali huo kwa dakika 12. Ndani ya dakika hizo askari wa zamu aone, atambue, atoe taarifa, apewe amri, na mwenye silaha afyatue. Kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii hapo. Ukitaka rada ileile ione mara mbili ya umbali wake, nguvu ya mawimbi inabidi iongezwe mara 16, maana mawimbi hufifia yakienda na hufifia tena yakirudi. Na umeme wote huo hautakuonyesha hata ngalawa moja iliyo nyuma ya mpindo.

Ndiyo maana 14 Septemba 2019 Saudi Arabia, nchi yenye mifumo ya Patriot ya kutungua ndege na makombora na fedha za kununua chochote sokoni, iliona mitambo yake ya mafuta ya Abqaiq na Khurais ikiwaka moto. Droni na makombora yalikuja chini chini, na karibu nusu ya uzalishaji wa mafuta wa nchi ile ukasimama. Mei 2025 ikawa zamu ya Port Sudan, mji ambao maelfu ya Wasudan walikuwa wameukimbilia kwa sababu vita vilikuwa havijaufikia: droni zikapiga uwanja wa ndege na maghala ya mafuta siku baada ya siku.

Ukraine wamepanda mnazi kwa namna yao. Pamoja na rada, wametawanya nchi nzima maelfu ya maikrofoni juu ya nguzo. Kila moja inasikiliza muungurumo wa injini na kupeleka taarifa kwa mtandao wa simu, na bei yake ni mamia tu ya dola. Zikiunganishwa, njia ya droni inaonekana kijiji kwa kijiji. Huko ndiko kuboresha ninakokutaka: rada ndogo nyingi zinazopeana taarifa, masikio chini, na rada kubwa ikibaki na kazi yake ya kuangalia juu na mbali. Hesabu yake si ngumu. Pwani ya Tanzania ni takriban kilomita 1,400. Mnara unaoona kilomita 35 kila upande unafunika 70. Gawanya, unapata vituo 20, na hapo hujaacha nafasi ya kimoja kuharibika.

Halafu kuna mtu. Asubuhi ya 7 Desemba 1941, kwenye kituo cha Opana huko Hawaii, askari wawili walikuwa wamemaliza zamu yao saa moja. Gari la kuwapeleka kunywa chai lilichelewa, wakaiacha rada ikiwaka wajifunze. Dakika mbili baadaye wakaona kundi kubwa la ndege, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Wakapiga simu. Luteni aliyepokea akadhani ni ndege za Marekani zilizokuwa zinatarajiwa, akawaambia wasijali. Rada ilifanya kazi yake yote siku hiyo, na Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, ikapigwa na Wajapani vilevile. Nikisikia bajeti ya mtambo isiyo na fungu la mafunzo, vipuri, jenereta na laini ya mawasiliano, nawakumbuka wale vijana wawili na simu yao.

Sisi Watanzania tuna sababu yetu ya kulizungumza hili bila kuoneana haya. Desemba 2001 Uingereza ilitoa kibali cha kutuuzia rada ya Watchman ya kampuni ya silaha ya BAE Systems kwa paundi milioni 28. Mwezi mmoja tu nyuma tulikuwa tumepata msamaha wa madeni ya nchi maskini. Clare Short, waziri wa maendeleo wa Uingereza, alipinga wazi. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema mtambo ni ghali na haukidhi mahitaji ya ndege za kiraia. Jibu tulilopewa ni kwamba ni wa ulinzi pia, na neno ulinzi likafunga mjadala. Mwaka 2010, mbele ya mahakama ya Uingereza, kampuni ikakiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, kuhusu malipo ya takriban dola milioni 12 yaliyopitia kwa dalali. Paundi milioni 29.5 zikarudi nyumbani, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Tukaziita chenji ya rada. Zikague hizo namba mbili: chenji ilizidi bei ya bidhaa.

Nasema haya nikitaka jeshi letu liwe na rada mpya na nzuri, tena haraka. Mahali ulipo mnara ni siri ya jeshi. Masafa ya mawimbi yake ni siri, na udhaifu wake ni siri kubwa zaidi. Lakini bei, jina la dalali na kamisheni yake havimsaidii adui kitu. Mkataba ujao ukifika mezani kwa Kamati ya Bunge, naomba mbunge mmoja aulize swali la kwanza kabla ya mengine yote: kikija kitu mita 30 juu ya maji usiku, nani atakiona, na atampigia nani simu?