Bukta ya Binti Mfalme

Kwanza tuelewane: haikuwa chupi. Ilikuwa bukta. Tena bukta ya mpira, ndefu, inakaribia magoti, safi, nimeifua Ijumaa kwa mkono wangu mwenyewe. Shoga yangu kawawahi kwenye grupu, kaandika eti "binti mfalme kabaki na chupi mbele ya watoto wa watu," na vikatuni vya kucheka hadi machozi kumi na saba, nimevihesabu. Yeye hakuwepo. Alikuwa Tabata anageuza vitumbua. Aliyekuwepo ni mimi, kwa hiyo kaeni niwasimulie. Nyie kaeni, mimi nitasimama, viti nimevipumzisha kidogo.

Kazi yangu mnaijua, nakodiwa kwenye bethidei za watoto. Ila mama huyu wa Kigamboni hakutaka binti mfalme wa kuimba na kukata keki halafu aende zake. Alitaka binti mfalme aliyedondoka kutoka kwenye hadithi asubuhi ile ile, hajui simu, hajui friji, hajui taa, watoto ndio wamfundishe dunia. "Na usitoke kwenye uhusika hata dakika moja," akasema, "mwanangu ana akili sana." Nikajibu hakuna shida mama yangu. Elfu themanini, nusu mkononi. Kwa elfu themanini mimi naweza kusahau hata kusoma.

Shida ilianzia kwenye gauni. Gauni la binti mfalme linataka kufutuka kama kengele, na neti peke yake hailifutui. Hata ukishona mita kumi na mbili, jasho likishaingia inalala kama chandarua cha hosteli. Lazima chini kuwe na fremu ya ringi. Wazungu walishalitatua hilo zamani, mwaka 1856 Ufaransa, kwa ringi za chuma chembamba cha springi: ukikaa inajikunja, ukisimama inarudi. Mimi na fundi wangu wa Kariakoo tukatatua kwa bomba la maji la nusu inchi, lile jeusi lenye mstari wa bluu. Ringi nne: ya juu mzunguko mita 1.6, inayofuata 2.3, halafu 3, ya chini kabisa 3.6. Jumla mita kumi na nusu. Kila ringi ncha zake tumezikutanisha kwa kijiti kilichochongwa, kikaingia ndani ya bomba, juu tukazungusha tepu nyeusi ya fundi umeme. Kisha utepe nane kutoka kiunoni hadi chini, kushikilia ringi zisipishane. Fundi akasimama mbali akalitazama, akasema, "Dada, hili hata pampu haipasui." Nikaona kanisifia.

Sasa ringi ya chini ya mita 3.6 maana yake upana ni mita moja na sentimita kumi na tano. Bajaji haiingii. Ukiivaa juu ya bodaboda unageuka mwavuli. Ila ringi zina uzuri mmoja: ukilaza, zote zinaingia moja ndani ya nyingine, inakuwa sahani. Basi nikaifunga neti yake, nikaitia begani, nikashuka Feri kama fundi wa madishi. Si utani. Kuna kaka pale sokoni kaniuliza kufunga dishi na king'amuzi chake ni bei gani. Kwenye pantoni kusi likalikuta lile dishi, na neti ikawa tanga kabisa. Wamama wawili wenye ndoo za samaki ndio walionishika, mmoja kiuno, mmoja dishi, hadi ng'ambo. Nanukia dagaa hadi leo. Hilo halikuwa tatizo kubwa la siku, tuendelee.

Nimefika, nimevaa stoo, chini nimetia bukta ya kaka yangu. Sababu mbili. Moja, ringi ina tabia ya kuinuka, kwa hiyo anayevaa fremu bila kitu cha maana ndani anajitakia. Mbili, gauni halina mfuko, bukta ina mfuko wa zipu pajani, na simu lazima iwe mahali. Nikaiweka kwenye mtetemo. Nikajiona mjanja.

Rangi ya bukta sikuifikiria. Nyekundu. Yenye mnyama. Watu wa Dar mmeshaelewa; wa nje ya mji ngojeni kidogo.

Kutoka stoo, mlango una sentimita themanini, mimi nina mia na kumi na tano. Unachofanya ni kuinua ringi upande mmoja na kupita kiubavu, kama unapitisha godoro. Nikapita, na nilipoinua tu, bibi wa nyumba aliyekaa kwenye mkeka akaona mpaka ndani. Nikamwinamia kifalme, sijaamkia, maana binti mfalme wa hadithini atajulia wapi shikamoo? Bibi akanitazama. Jicho lile mnalijua. Uhusika ukayeyuka papo hapo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hilo si bomba la maji?"

Bibi ni mtu wa Unguja, na ufalme anaujua. Akanieleza pale pale, mimi nimesimama kiubavu mlangoni, kuhusu Salme binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka 1866 kwa meli ya Waingereza, akabatizwa na kuolewa Aden na Mjerumani wake, akaenda kuishi Hamburg kwenye baridi. "Huyo ndiye binti mfalme aliyetoka kasri akakuta dunia nyingine," akasema. "Na kaka yake Majid ndiye aliyeuanzisha huu mji mnaoringia." Akalitazama tena gauni. "Hakuvaa bomba."

Basi, nikaingia kazini. Na kazi, jamani, ilikwenda. Mtoto humfurahishi kwa kuuliza "hii ni nini?" peke yake, atakujibu mara mbili kisha atachoka. Unakisia vibaya, anakurekebisha, halafu unaitumia vibaya. Feni: nikauliza nani anapigana panga huko darini. Swichi: wakaniambia ni ya taa, nikaipigia hodi. Rimoti nikaitia sikioni nikaisikiliza. Friji nikalifungua nikamwomba mzee wa barafu msamaha kwa kumwamsha. Watoto kumi na wanne wako chini wanagaragara. Mmoja tu hacheki. Kijana wa miaka kama saba, kofia kaigeuza nyuma, mikono kifuani, ananitazama kama ofisa wa uhamiaji.

Halafu muziki ukakatika. Umeme umeisha kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Mama kanunua kwa simu, dada wa nyumbani anasoma namba kwa sauti, mjomba anabonyeza kwenye kile kirimoti, mashine inakataa. Mara ya pili inakataa. Mimi namsikia kabisa mjomba anaruka sifuri. Tokeni ni tarakimu ishirini, makundi matano ya nne nne; ukiruka moja zote za mbele zinahama, haikubali hata ufanyeje. Nikajizuia. Mara ya tatu, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Nne nne, mjomba! Umeacha sifuri kundi la tatu!"

Umeme ukarudi. Kimya hakikuondoka.

"Binti mfalme," akasema kofia, "kwenu mna LUKU?"

Nikamwambia kasrini tuna mchawi wa mwanga, naye hawashi mpaka atajiwe namba ishirini za siri. Watoto wakapiga makofi. Kofia akasogea hatua moja karibu.

Sasa tunafika penyewe, na hapa nitakwenda taratibu, maana ndipo shoga yangu alipowadanganya.

Tumeizunguka keki. Keki ya kijani na njano. Baba mwenye nyumba kavaa jezi ya kijani na njano, ameshika simu anarekodi. Ukutani bendera ya kijani na njano, ya Yanga. Na mimi ndiyo kwanza natazama rangi za chumba kile, tangu niingie. Nikasema moyoni, haina neno, bukta iko ndani, nani ataiona.

Paja likaanza kutetemeka.

Simu, mfukoni, imeegemea ringi ya tatu. Bomba ni tupu ndani, mnanielewa? Mtetemo uliokuwa wangu mimi na paja langu ukaingia kwenye bomba, ukazunguka mita tatu, ukatokea kama nyuki kwenye debe. Watoto wote wakageuka.

"Binti mfalme, unalia."

"Ni tumbo, mwanangu. Sijala tangu karne iliyopita."

Ikanyamaza. Nikashusha pumzi. Ikaanza tena. (Mpigaji, kwa taarifa yenu, ni yeye shoga yangu wa vitumbua, anauliza kama nimeshalipwa. Hilo kwenye grupu hakuliandika.) Kofia kainamisha kichwa, sikio kalielekeza kwenye gauni. Akili ikaniambia: kaa. Ukikaa utaibana, itanyamaza. Nyuma yangu kiti cha plastiki, vile vyenye mikono.

Kukaa na fremu kuna utaratibu wake, na naujua, nimewafundisha wengine. Unakigusa kiti kwa ndama za miguu kujua kilipo. Unapeleka mikono nyuma, unashika ringi ya juu kupitia kitambaa, unaipandisha mpaka kiunoni. Unakaa kwenye kiti, si kwenye ringi. Ndiyo unaachia. Mimi nilitoka hatua ya kwanza nikaingia ya tatu.

Nilikalia ringi. Nyuma ikabanwa kati yangu na kiti. Pembeni, mikono ya kiti ikaibana kushoto na kulia. Chuma cha springi cha 1856 kingejikunja kwa adabu. Bomba la nusu inchi limetengenezwa kustahimili pampu, halijikunji, na njia iliyobaki ilikuwa moja tu: mbele, juu.

Nikaona pindo la fedha linapita usawa wa magoti. Linapita kifua, polepole, kama pazia la ukumbi linavyofunguka. Likanipita kidevuni. Kisha dunia ikawa ya bluu. Niko ndani ya hema la satini, mwanga laini, kimya, na kwa sekunde moja nilijisikia salama, wallahi, nikaona hapa ningeweza kuishi. Ndipo nikasikia upepo wa feni kwenye magoti. Magoti yangu yote mawili. Na paja la kulia linanguruma na kuwaka taa kupitia kitambaa chekundu.

Kisu cha keki kikaanguka sakafuni.

"ANA SIMU!" Huyo ni kofia. Ushindi uliokuwa kwenye ile sauti, hata wakili hajawahi kuupata mahakamani.

"Ni SIMBA!" Huyo sijui nani. Walikuwa wengi. Simba na Yanga ni watani wa jadi wa mpira, wa nje ya mji sasa mmeelewa.

Baba, bila kushusha simu yake: "Kumbe Mnyama tumemlipa wenyewe aingie ndani."

Na kutoka kwenye mkeka, taratibu: "Salme hakufanya hivi."

Mimi humo ndani bado natetea ugali. "Enyi watu wa dunia hii," nikasema kwa sauti ya kifalme, "huyu ni ndege mwekundu wa kasri letu!" Nikanyanyuka ili pindo lishuke. Kiti kikanyanyuka na mimi. Mikono yake ilishaingia kati ya ringi ya pili na ya tatu, utepe umeifunga kama mbuzi wa mnadani. Nikageuka kulia, miguu minne ya kiti ikafagia juisi. Nikageuka kushoto, ikaelekea keki, na hapo ndipo baba alipoacha kurekodi kwa mara ya kwanza akaja kuokoa jezi, samahani, keki.

Walionitoa ni mjomba wa LUKU na dada wa nyumbani, kwa kukata tepu kwa kisu kile kile cha keki, kijiti kikachomoka, ringi ikafunguka kama nyoka. Hela nililipwa yote, mama muungwana. Baba alitaka nipige picha chini ya bendera, nikapiga. Kofia aliniomba namba ya simu, "kwa kuwa unayo." Bibi alinifungia bagia kwenye gazeti. Nikarudi na pantoni nimebeba bomba lililokunjuka, na kaka wa madishi akanipungia mkono.

Video mmeshaiona, msinitumie tena, nawaomba. Leo asubuhi mama mmoja wa Mbagala kapiga, anataka binti mfalme Jumamosi, kasisitiza nije na bukta hiyo hiyo maana kwake wote ni wekundu. Nimemwambia elfu mia na ishirini, na atafute stuli, isiwe na mikono wala mgongo.